Wageni watakaofika baada ya miaka 400

Ukipata nafasi ya kutazama 3 Body Problem, vipindi vinane vilivyotolewa na Netflix mwaka wa 2024, usikawie jikoni. Mambo yanaanzia Beijing, 1966: msichana anamwona babake, mwalimu wa fizikia, akipigwa hadi kufa mbele ya umati. Hapo ndipo utaelewa ni kwa nini, miaka baadaye, anawaalika viumbe wa sayari nyingine waje duniani, safari ya miaka 400. Uchungu huo ndio unaokushikilia kitini.

Kisha riwaya hii ya Mchina Liu Cixin inahamishiwa kwa marafiki watano waliosoma Oxford, na mapenzi yao, kusema kweli, yanachosha.

Nawe mzazi, katika kipindi cha tano meli yenye watoto ndani inakatwa vipande vipande kwenye Mfereji wa Panama. Walaze wako kwanza.