Bonde la Darbat: Rehema Ukingoni mwa Jangwa



Wapenzi wasomaji wetu, akina baba, akina mama na watoto, baada ya kumhimidi Mola na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wiki hii tumeona tuwasimulie safari. Si safari ya Umra, wala si ya biashara. Ni safari ya kuunga udugu ambayo ndani yake tulisomeshwa somo ambalo hatukulitarajia, na aliyetusomesha ni mchunga ng'ombe.

Katika likizo ya mwezi wa Agosti tulijaaliwa, sisi na mama watoto na kitindamimba wetu mwenye umri wa miaka 9, kumzuru mwana wa ami yetu aliyehamia Salalah, mji mkuu wa mkoa wa Dhofar, kusini mwa Oman. Kila aliyetuaga Mombasa alituusia juu ya jua la Arabuni, na kwa hakika tulipopitia Maskati tulionja moto wake. Lakini ndege ilipoteremka Salalah tulipokewa na manyunyu. Mbingu ilikuwa ya kijivu, upepo baridi, na mama watoto akafungua begi kutafuta mtandio mzito.

Msimu huo wenyewe huuita kharifu, nao huanza mwishoni mwa Juni hadi Septemba. Asili yake, enyi watu wa pwani, mnaijua vyema: ni pepo za kusi. Kusi hii hii inayolichafua bahari letu na kuwafungia wavuvi nyumbani, huendelea kuvuma kuelekea kaskazini mpaka ikafika Dhofar. Huko huyasukuma maji ya juu ya bahari yakaenda mbali na ufuo, na maji baridi ya chini yakapanda kushika mahali pake. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji yale baridi hugeuka ukungu. Ukungu ukisogea bara hukutana na safu ya majabali, na juu yake ikatanda hewa kavu ya jangwa kama kifuniko cha chungu. Basi hubaki pale pale, miezi mitatu, ukinywesha miteremko ya upande wa bahari. Ukivuka kilele upande wa pili, kijani hukatika ghafla, na mbele yako ni mchanga mpaka Rub' al-Khali, lile jangwa kuu lisilokaliwa na watu.

Njia hii ya bahari haikuanza kwetu. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa karne ya 14, baada ya kuzuru Mombasa na Kilwa alipanda chombo kuelekea Dhofar hiyo hiyo.

Siku ya tatu mwenyeji wetu na mkewe, ambaye ni mwenyeji wa majabalini, walitupakia garini kuelekea Bonde la Darbat, mwendo wa kilomita 40 hivi mashariki ya Salalah, ukiupita mji wa Taqah. Njiani, katika uwanda wa pwani, tuliona ngamia makundi kwa makundi. Mwenyeji wetu akatueleza kuwa ada ya wafugaji ni kuwateremsha ngamia kutoka majabalini wakati wa kharifu, kwa sababu ya utelezi na nzi waumao, kisha kuwarejesha nyasi zikishakua. Neno hilo tuliliweka akilini, nasi tutalirudia.

Kabla ya kuingia bondeni, mtu huona kwanza ukuta wa jiwe uliosimama wima kiasi cha mita 100, mweupe kwa chokaa iliyoachwa na maji kwa karne nyingi. Mvua zikiwa kubwa mno, maji hushuka kwenye ukuta ule kwa kishindo, kama ilivyokuwa mwaka 2018 baada ya kimbunga Mekunu. Siku yetu yalikuwa yakichuruzika nyuzi nyembamba tu. Ndani ya bonde, hata hivyo, maporomoko madogo yalikuwa tele, moja chini ya jingine, maji yakimwagika kutoka kidimbwi hadi kidimbwi na kutulia ziwani. Nyasi zilikuwa nzito kama zulia la msikiti. Pembeni ya njia wauzaji walikuwa wakichoma nyama katika vijiti, na jina lake huko ni mishkak. Mwanetu alipolisikia akacheka: "Baba, kumbe na hawa wana mishikaki!"

Na si mishikaki pekee iliyotufanya tujihisi nyumbani. Kuna mikwaju na mikuyu. Upande wa Mirbat, katika bonde la Hinna, imesimama mibuyu, mti ambao sisi tumezoea kuuona Kilifi na Malindi. Ndege nao wana udugu na wa kwetu: mdiria mwenye kichwa cha kijivu huvuka bahari kutoka Afrika kila mwaka kwenda kuzaa Dhofar, na minana husuka viota vyao kwenye matawi kama wafanyavyo katika minazi yetu. Juu ya mawe tuliwaona pelele wakitutazama bila hofu. Chui hatukumwona, na wachache mno humwona. Chui wa Arabuni ni katika wanyama adimu kabisa duniani, na majabali ya mashariki ya bonde hilo, Jabal Samhan, yalifanywa hifadhi mwaka 1997, naye akiwa miongoni mwa waliokusudiwa kulindwa.

Sasa tufike kwenye kisa chenyewe, ingawa si cha kujivunia.

Tulikuwa tumetandika mkeka karibu na kidimbwi kimoja. Maji yalikuwa yametulia, yamezungukwa na majani. Mwanetu alivua viatu, akapandisha kanzu, akaingia hadi magotini. Sisi tulimtazama tukatabasamu, na ulimi wetu ukaanza kumweleza mwenyeji hukumu za maji tohara. Ghafla tukasikia sauti kali kutoka mteremkoni. Mzee mmoja mchunga ng'ombe, shuka kiunoni na bakora mkononi, alikuwa akija mbio na kupiga kelele: "Ya sheikh! Mtoe mtoto! Mtoe!"

Tulimtoa kwa haraka. Mzee alihema, kisha akanyoosha bakora yake kwenye kibao kilichosimama hatua kumi tu kutoka mkeka wetu. Kilikuwa kimeandikwa kwa Kiarabu fasaha, herufi kubwa, kukataza watu wasiingie majini. Mzee akatueleza kuwa katika maji ya namna ile, yaliyotulia na yenye majani, hukaa konokono wanaobeba kichocho. Katika Oman yote, Dhofar ndiyo iliyojulikana kwa maradhi hayo, na serikali imeyapiga vita kwa miaka mingi. "Maji mazuri kwa macho," alisema, "si lazima yawe mazuri kwa mwili."

Wapenzi wasomaji, tumesomesha nahau na sarufi ya Kiarabu kwa zaidi ya miaka 30. Katika watu wote waliokuwa pale wageni, sisi ndio tuliostahiki kukisoma kibao kile, na sisi ndio tuliokipita. Tulikuwa tukizungumza juu ya hukumu za maji ilhali mtoto amesimama ndani ya hatari. Mama watoto hakusema neno. Alimkausha mtoto miguu kwa ule mtandio mzito, akatutazama mara moja, na ilitosha. Tuliporejea Mombasa tulimpeleka kupimwa, kwa sababu kichocho hakijitokezi siku ile ile. Kwa rehema za Mola alikuwa salama. Lakini wiki zile za kungoja zilikuwa ndefu, na usiku mmoja tulimkuta mama yake amekaa kitandani kwa mtoto, anamgusa paji la uso ili ajue kama lina joto.

Mzee yule alikaribishwa mkekani, akanywa kahawa, na mazungumzo yakaendelea. Mke wa mwenyeji wetu alituita chini ya mti mkubwa. Mahali palipo wazi ardhi ilikuwa na unyevu tu. Chini ya mti ilikuwa inatota, na matone yakidondoka kutoka kila jani ingawa mvua haikuwa ikinyesha. "Huu mti unakamua ukungu," alisema. Ndivyo ilivyo. Ukungu ukipita mahali patupu hupita na maji yake, lakini ukikuta majani hugandama, ukawa matone, ukashuka kwenye mizizi na hatimaye kwenye chemchemi. Mti mkuu wa misitu ile ni wa aina isiyoota ila Dhofar na sehemu jirani ya Yemen. Ukiondoka, kharifu itakuja kama kawaida, lakini itapita bila kuacha amana yake.

Hapo mzee akavuta pumzi. Alisema kuwa wakati wa ujana wake mifugo ilikuwa michache na watu walihama nayo. Siku hizi mifugo imekuwa mingi, chakula huletwa kwa gari, na wenye mali hufuga kwa fahari. Miche haipati nafasi ya kukua kabla ya kuliwa. "Mimi nina ng'ombe 14," alisema. "Wakiniambia niwaondoe, nitakula nini? Wasiponiambia, wajukuu zangu watakunywa nini?"

Swali hilo halikuwa geni katika dini yetu. Mtume (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa haram, miti yake isikatwe na wanyama wake wasiwindwe. Tena ipo ile kanuni ya hima, yaani malisho yanayolindwa kwa maslahi ya wote. Sayyidna Umar (R.A.) alipomweka msimamizi wa hima, alimuusia aogope dua ya mwenye kudhulumiwa, amruhusu mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na asiwape nafasi matajiri wakubwa wa Kiquraishi, kwani hao mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kurejea, lakini maskini yake ikifa atakuja na watoto wake analia. Tulimsimulia mzee habari hiyo. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Umar alijua ng'ombe." Kwa hivyo hifadhi si jambo la kigeni lililoletwa na wengine. Ni sunna, na sharti yake ni uadilifu: mzigo uanze kwa mwenye nguvu.

Jioni tuliufuata mto hadi unapokutana na bahari, Khor Rori. Pale zipo nguzo na kuta za bandari ya kale ya Sumhuram, iliyokuwa ikisafirisha ubani. Eneo hilo pamoja na mengine ya ubani ya Dhofar yaliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000. Mama zetu mnaofukiza ubani magharibi, jueni kwamba mti wake hauutaki ukungu. Huota upande mkavu, pale kharifu inapokoma. Mola ameupa kila mti riziki yake, huu majini na ule ukameni.

Sasa turudi kwetu. Maji ya chemchemi za Marere, ambayo kwa miaka mingi yameinywesha Mombasa, hutoka Shimba Hills, Kwale. Huko kuna msitu unaoshika unyevu wa bahari, kuna maporomoko ya Sheldrick yenye urefu wa mita 21, na kuna palahala, ambaye katika Kenya nzima hapatikani kwingine. Ni familia ngapi miongoni mwetu zimewapeleka watoto kuona maji yao yanakotoka?

Tunawanasihi, basi. Likizo ijayo wapelekeni watoto. Chukueni mkeka, maji ya kunywa na mfuko wa taka, na mrudi nao umejaa. Mtoto asiingie katika maji yaliyotulia kabla ya kuwauliza wenyeji. Mwonyesheni jani linalodondosha tone, mumwambie kuwa Muislamu akipanda mti, akala humo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Na mkikuta kibao, kisomeni kwanza. Ishara za Mola ni nyingi, na nyingine huandikwa na mkono wa mja mwenzako anayekutakia salama.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu na chemchemi zetu, amlipe kheri mzee wa Darbat, na atujaalie kuwa katika wasikiao mawaidha wakayafuata. Amin.