Fomula Nyuma ya Idadi ya Mandera

Sensa ya 1999 ilihesabu watu 250,372 Mandera. Ile ya 2009 ikapata 1,025,756, na ya 2019 ikashuka hadi 867,457. Si ajabu kwamba Kaskazini Mashariki ya Kenya haijaacha kubishania takwimu hizi. Agosti 2010 Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alifuta matokeo ya wilaya nane, tano kati yake zikiwa za eneo hilo. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa nayo ikabatilisha matokeo ya 2019 ya sehemu kadhaa za Garissa, Wajir na Mandera.

Mandera ilikua kwa kasi gani kati ya 1999 na 2009? Ukigawanya ongezeko lote kwa miaka kumi, unapata takriban asilimia 31 kwa mwaka. Ukilimbikiza mwaka juu ya mwaka, unapata 15.1. Ukitumia logi asilia, 14.1. Majibu matatu, data ileile, na hakuna aliyedanganya! Kwa Wajir, iliyotoka watu 661,941 mwaka 2009 hadi 781,263 mwaka 2019, tofauti ni ndogo: 1.80, 1.67 na 1.66. Mkazi wa Buna, kwenye barabara ya Wajir kwenda Moyale, akisomewa mojawapo ya namba hizo barazani, hawezi kuipima bila kujua imetoka wapi.

Hapo ndipo lugha ya programu ya R inapofaa. Ross Ihaka na Robert Gentleman waliianza Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakifuata lugha ya S iliyozaliwa Bell Labs mwaka 1976. Leo wachambuzi wengi wa takwimu wanaitumia. Shelmith Kariuki, mchambuzi Mkenya, alichomoa majedwali ya sensa ya 2019 kutoka faili za PDF na kuyafunga katika kifurushi cha R kiitwacho rKenyaCensus.

Katika lugha nyingi fomula ikishakokotolewa linabaki jibu tu. R inaweza kuishika fomula yenyewe kama kitu. Mtu akiandika `ukuaji <- quote(log(b/a)/10)`, hakuna kinachokokotolewa. R inahifadhi mti: juu kabisa kuna alama ya kugawanya, chini yake upande mmoja `log(b/a)`, upande wa pili 10. Kisha `eval` hupewa idadi ya sensa mbili, a na b, na kutoa jibu, na `deparse` huushuka mti huohuo na kuugeuza kuwa maandishi: "log(b/a)/10". Jibu na maelezo yake vinatoka kwenye chanzo kimoja, kwa hiyo mtu akibadilisha fomula, maandishi chini ya jedwali yanabadilika pia.

Jambo hili linawezekana hata ndani ya fanksheni, kwa sababu R ni mvivu kwa makusudi. Hoja ikipitishwa haikokotolewi papo hapo. Huwekwa kama ahadi, na ahadi hiyo inabeba maneno yaliyoandikwa. `substitute` huyachomoa, `deparse` huyaandika. Ndiyo maana mchoro wa kawaida wa R huweka kwenye mihimili majina yaleyale aliyoandika mtumiaji, bila kuambiwa.

Mitego ipo. `deparse` hukata fomula ndefu ikifika karibu herufi 60, na anayetarajia kichwa kimoja cha mchoro hujikuta na vipande viwili au vitatu. Toleo la R 4.0.0 la Aprili 2020 lilileta `deparse1`, inayoviunga kuwa mstari mmoja. Tena mti hautunzi nafasi wala maoni ya mwandishi: maelezo aliyoyaweka kando ya fomula hayarudi.

Bila shaka, fomula iliyoandikwa vizuri haisemi kama makarani walihesabu kila boma. Ubishi huo ni wa uwanjani na mahakamani. Ila ubishi kati ya 31 na 14.1 unamalizwa kwa mstari mmoja wa maandishi, na ofisi za takwimu, kaunti na watafiti wanaotoa viwango vya ukuaji vya Garissa, Wajir na Mandera wauchapishe mstari huo chini ya kila jedwali.