Rekodi ya bunge: kabla ubishane kuhusu wagombea wa Igembe, uliza mambo haya

1/ Juzi nilikuwa kwenye kibanda cha chai hapa Maua, karibu na stage, nikisikiza watu wawili wakibishana kuhusu wagombea wao. Mmoja anasema, "Wetu amepeleka miswada sita bungeni." Mwingine anamrudia, "Miswada inaliwa? Wetu ametoa basari kila mwaka." Nusu saa nzima. Hakuna aliyemuuliza mwenzake ni miswada gani, na iliishia wapi.

2/ Agosti 2027 si mbali na hii debate tutaisikia mpaka tuchoke. Uzi huu ni wa kukusaidia kulinganisha rekodi za wagombea kama watunga sheria. Sitataja mwanasiasa wala chama. Ukiona nimemgusa wako, ujue umemtambua wewe mwenyewe.

3/ Kwanza tuondoe basari njiani. Pesa za NG-CDF hutengewa kila eneo bunge kwa sheria ya 2015, mbunge awe anachapa kazi au analala. Mtoto wa mtu kubaki shule ni jambo kubwa na siwezi kulidharau. Lakini hiyo ni rekodi ya kugawa pesa ambayo tayari sheria imeitoa. Iweke kando, tutairudia siku nyingine.

4/ Sasa tuchukue kitu kinachotuhusu sisi wote huku Nyambene: miraa.

Juni 2014 Uingereza ilipiga miraa marufuku. Uholanzi ilikuwa imetangulia. Machi 2020 Somalia ikafunga soko, likarudi Julai 2022. Kila mara kuna mheshimiwa aliyesimama kwenye mkutano akasema "nilipigania soko", na soko la Somalia lilipofunguliwa, waliosema "ni mimi" walikuwa wengi kuliko mabunda kwenye pickup.

Lakini fikiria kidogo. Sheria ya Uingereza hutungwa London. Anga ya Somalia hufunguliwa na serikali ya Somalia, baada ya kuongea na serikali yetu. Mbunge anaweza kupiga kelele, anaweza kuandamana na waziri, na kelele zina kazi yake. Hakuna kura aliyopiga Nairobi iliyofungua lile soko. Kwa hivyo mtu akikuambia hiyo ndiyo rekodi yake ya bunge, anakuuzia makombo kwa bei ya giza.

5/ Rekodi yenyewe iko kwenye karatasi ambayo wengi wetu hatukuisoma. 2016 Sheria ya Mazao ya 2013 ilirekebishwa, miraa ikaingia kwenye orodha ya mazao yanayotambuliwa na serikali. Siku hiyo wengi walisema, sasa hii itanisaidia nini shambani? Bei haikupanda. Wakulima wakarudi kupalilia.

6/ Halafu 2023 zikaja kanuni za miraa chini ya sheria hiyo hiyo. Hapo pia kimya. Watu walikuwa wanaongea mambo ya ushuru.

7/ Mei 2024 ndio tukaona kazi ya hizo karatasi. Mombasa ilitangaza marufuku ya muguka, Kilifi ikafuata. (Watu wa Pwani walikuwa na hoja kuhusu vijana wao, tusijifanye hatukuwasikia.) Wakulima wa Embu walikuwa wameshavuna, magari yako njiani, na muguka haingoji, ikilala siku mbili ni takataka. Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku kwa muda. Na serikali kuu iliposema marufuku ya kaunti haina nguvu, ilitegemea nini? Ile Sheria ya Mazao na zile kanuni za 2023. Yaani mstari ulioongezwa 2016, ambao hakuna aliyeushangilia kwa muda mrefu, ndio ulioshikiliwa 2024 kama ngao.

8/ Sasa rudi kwa wagombea wako. Yule aliyekuwa bungeni 2016: alisema nini mswada ule ulipojadiliwa? Alikuwepo? Na aliyekuwepo 2023: kanuni zilipowekwa mezani alifanya nini?

Hapa kuna jambo watu hawajui. Kanuni hutungwa na waziri, lakini Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inataka zipelekwe bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa. Kuna kamati inayozipitia, na bunge linaweza kuzifuta. Mbunge akikaa kwenye kamati hiyo na kukwaruzana na wizara juu ya kifungu kimoja cha leseni, hautamwona kwenye taarifa ya saa moja. Huenda ndiye aliyekufanyia kazi kuliko yule anayepiga makofi mezani.

9/ Tuje kwa "miswada sita". Kuchapisha mswada ni rahisi kuliko unavyodhani. Uliza ulifika kusomwa mara ya ngapi. Bunge likimaliza muda wake, miswada ambayo haijakamilika huanguka, na mgombea anaendelea kuihesabu kana kwamba iko hai. Pia uangalie cheo. Kiongozi wa walio wengi bungeni ndiye hupeleka miswada ya serikali, kwa hivyo jina lake litakuwa juu ya miswada mingi ambayo hakuiandika. Ukimlinganisha na mbunge wa kawaida kwa idadi, umelinganisha lori na boda boda.

10/ Kuna pia zile alama za kila mwaka, kwa mfano za Mzalendo Trust. Ni kazi nzuri na mimi huzitumia. Lakini elewa zinahesabu nini: mara ambazo mbunge amezungumza kulingana na Hansard. Anayesimama kumpongeza mwenzake kwa harusi anaingia kwenye hesabu. Mbunge wako akiwa wa mwisho, hiyo ni sababu ya kumuuliza maswali. Akiwa wa kwanza pia muulize.

11/ Na kura? Hii ndio sehemu inayonikasirisha. Mambo mengi bungeni huamuliwa kwa sauti. Spika anauliza, wanaosema ndiyo wanapiga kelele, wanaosema la wanapiga kelele, imeisha. Hakuna jina lililoandikwa. Kwa hivyo mtu akikuapia kwamba "nilipinga ule mswada", mara nyingi hakuna namna ya kujua, isipokuwa alichangia na maneno yake yako kwenye Hansard.

12/ Majina hupatikana kura ikihesabiwa mmoja mmoja. Mfano ambao kila mtu anaukumbuka ni Mswada wa Fedha wa 2024. Kusomwa mara ya pili: 204 walikubali, 115 wakakataa. Mara ya tatu, tarehe 25 Juni 2024: 195 kwa 106. Siku iliyofuata rais akakataa kuutia sahihi, baada ya yale yaliyotokea barabarani.

Sasa fanya hesabu. 195 na 106 ni 301. Wabunge ni 349 ukimtoa spika. Hao karibu hamsini walikuwa wapi? Wengine walikuwa na sababu, ugonjwa au safari ya kazi. Wengine, wacha tu. Mgombea akikuambia "mimi sikupigia kura ule mswada", muulize taratibu: ulikataa, ama hukuwepo?

13/ Na usimhukumu mtu kwa orodha moja. Kuna aliyesema ndiyo mara ya pili akitaka urekebishwe kwenye kamati, halafu akakataa mara ya tatu. Kuna aliyefanya kinyume. Taka orodha zote mbili. Na tafadhali, si ile picha iliyozunguka WhatsApp yenye majina ya kuongezwa kwa mkono.

14/ Shida nyingine ya huku kwetu: wagombea hawatoki nyumba moja. Mmoja alikuwa mbunge, mwingine MCA, mwingine seneta, mwingine hajawahi kushika chochote. Seneta hawezi kulaumiwa kwa kura ya Mswada wa Fedha, haukufika kwake. MCA hawezi kubadilisha Sheria ya Mazao. Lakini MCA hupitisha Sheria ya Fedha ya kaunti, ile inayosema mama wa sokoni Maua atalipa ngapi kwa siku. Hapo ndipo umshike. Mwakilishi wa wanawake naye ana kura kwenye Bunge la Taifa sawa kabisa na ya mbunge wa eneo. Tukimkumbuka kwa matangi ya maji peke yake, tumemsamehe nusu ya kazi yake.

15/ Yule mgeni asiye na rekodi, wengi humpa nafasi kwa sababu ni msafi. Hajaiba kwa sababu hajafika kwenye sanduku. Lakini kuna kitu unaweza kuangalia. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi bungeni. Wananchi pia huitwa kutoa maoni kila mswada ukija. Kama miaka hiyo yote ya shida ya miraa hakuwahi kuandika hata barua moja, basi hamu ya kutunga sheria imemjia pamoja na mabango.

16/ Kuna mtu ameniuliza inbox: "Sasa kati ya hawa wawili wa kibanda, nani yuko mbele?" Ndugu yangu, sijui bado. Yule wa miswada sita, nimepata kwamba mmoja ulipita, mitatu ilianguka, miwili ilikuwa ya mtu mwingine na yeye alichangia tu. Yule wa basari hakuwa na mswada wowote, lakini kwenye Hansard nimemkuta mara mbili akimbana waziri kuhusu leseni za wauzaji wa miraa, na maswali yake yalikuwa ya mtu anayejua shamba. Mmoja wao alikosekana siku ya kura iliyohesabiwa. Nimemwandikia kumuuliza sababu, hajajibu.

17/ Hansard iko kwenye tovuti ya bunge, bure. Ni PDF nzito kidogo, tafuta bando ama nenda cyber. Andika neno "miraa" kwenye kutafuta, halafu jina la mtu wako. Ukipata kitu, weka screenshot hapa chini na tarehe ya kikao. Bila tarehe sitajibu.