Kombe la Emirates lilivyomwibua Wilshere

MASHINDANO ya kirafiki ya kujiandaa na msimu hayaongezi pointi hata moja kwenye msimamo wa ligi, na bingwa wake husahaulika mapema. Kwa mchezaji kinda, hata hivyo, huo huwa mlango adimu. Nyota wengi wanakuwa hawajarejea katika hali yao ya mchezo, kocha ana ruhusa ya kubadili wachezaji wengi, na kosa la chipukizi halihatarishi kibarua cha mtu.

Jack Wilshere, kiungo wa Arsenal aliyezaliwa Januari 1, 1992, aliupitia mlango huo Agosti 2009. Hakuwa mgeni kabisa, kwani Septemba 2008 alikwishacheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza dhidi ya Blackburn, akiwa na miaka 16. Lakini nafasi ya kudumu hakuwa nayo.

Kombe la Emirates, lililoanzishwa mwaka 2007 jijini London, lilikutanisha timu nne kwa siku mbili, na kila bao lilizawadiwa pointi moja juu ya zile za ushindi. Jumamosi ya Agosti 1, Arsenal iliifunga Atletico Madrid 2-1. Kesho yake ikailaza Rangers ya Scotland 3-0, Wilshere akipachika mabao mawili. Alichaguliwa mchezaji bora wa mechi zote mbili, na wenyeji wakatwaa kombe kwa pointi 11.

Ushindi dhidi ya timu ambazo bado zinajinoa ni kipimo kidogo, na kocha Arsene Wenger hakulewa sifa hizo: Januari 2010 alimpeleka kijana huyo Bolton kwa mkopo. Kipimo chenyewe kilikuja Februari 2011, Wilshere alipotamba katikati ya uwanja Arsenal ikiichapa Barcelona 2-1 katika Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Julai 31, 2011, katika kombe lile lile na uwanja ule ule, alitoka mapema akiwa ameumia dhidi ya New York Red Bulls. Kifundo cha mguu kilimweka nje msimu mzima, akarejea Oktoba 2012. Kuilaumu mechi hiyo peke yake ni kuionea, maana msimu uliotangulia alikuwa amechezeshwa mno kwa umri wake. Majeraha yaliendelea kumwandama hadi alipostaafu Julai 2022, akiwa na miaka 30. Mwezi huo huo alirudi Arsenal kufundisha vijana wa chini ya miaka 18.