Mtihani Uliomo Kifuani

Jioni moja ya Oktoba mwaka uliopita nilikuwa Donholm, Nairobi, kwa ndugu yangu. Tumekwisha kuswali Magharibi, chai na mahamri mezani, mwanawe wa Kidato cha Nne akatuonyesha simu. Yuko mtu auza karatasi ya hisabati kabla ya siku ya mtihani wenyewe.

Ndugu yangu akanigeukia. "Kaka, wenzake wanunua. Nimwache mwanangu abaki nyuma?"

Sikumcheka. Ada imemla, naye ni mzazi mwenye hofu.

Nikamkumbusha chuo chetu cha utotoni. Mtihani ulikuwa mwalimu mwenyewe: waketi mbele yake, wasoma kwa moyo. Ukikosa herufi, warudi ubaoni. Kikaratasi kingefichwa wapi, na kitakiwacho kimo kifuani?

Serikali imejaribu kwa njia yake. Matokeo ya watahiniwa 5,101 wa KCSE ya 2015 yalifutwa. Mwaka 2016 Waziri Fred Matiang'i akaivunja bodi ya Baraza la Mitihani, na karatasi zikafungiwa katika makontena ya chuma. Alama za A, zilizokuwa zaidi ya 2,600 mwaka 2015, zikawa 141 mwaka 2016. Sisemi zote zilizopungua zilikuwa za wizi. Lakini mwenye macho haambiwi tazama.

Hata hivyo, kufuli hulinda kontena. Mfuko wa mzazi haulindi. Muuzaji hana soko asipopata mnunuzi, na mtoto wa shule hana fedha ila za babake.

Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika rundo la chakula, akakuta maji chini. Mwenyewe akasema ni mvua. Akaulizwa mbona hakuuweka umaji juu watu wauone. Tena akaambiwa kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Cheti cha kununua ndicho rundo hilo: juu kikavu, chini maji.

"Na ghorofa hii tulimo," nikamwuliza, "ungelala usingizi ukijua mjenzi wake alinunua hisabati?"

Akanyamaza. Kisha akamwambia mwanawe, "Futa." Kijana akafuta, akaleta mitihani ya miaka iliyopita. "Ami, nisaidie hii." Hesabu zenyewe zilinishinda, nikabaki kumshikia saa hadi Isha.

Matokeo yalipotoka alikuwa na C. Babake alisikitika kidogo, nami sikuficha furaha yangu. Nguo ya kuazima haisitiri matako. C ile ni yake, na popote aendako hatamwogopa atakayemwuliza.