Winga aliyeumwa tumbo kila siku ya mechi

SHINYANGA. Mazoezini alikuwa moto. Beki anageuzwa mpaka anapoteza ramani, krosi inatua kichwani kwa straika, kocha anacheka peke yake. Sasa siku ya mechi: basi likikaribia tu Uwanja wa CCM Kambarage, jamaa anashika tumbo. Wiki inayofuata nyama za paja. Nyingine enka. Daktari wa timu akimkagua haoni kitu.

Simtaji jina wala timu. Jukwaani tulikuwa na majibu mawili tu: mvivu, au karogwa. Kamati ya ufundi ikaingia kazini, akavishwa hirizi. Akacheza mechi mbili vizuri kabisa. Ya tatu hirizi ikapotea, hakushuka kwenye basi.

Baadaye aliniambia mwenyewe: moyo unakwenda mbio, mikono inakufa ganzi, pumzi inakata, anaona kabisa anakufa. Wanasaikolojia wanaijua hali hiyo. Ni mshtuko wa hofu, na unatibika.

Na hofu ya huku ina msingi. Stand United, Chama la Wana, ilishuka Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Mwadui ikafuata 2020/21. Geita Gold ilipanda, ikamaliza ya nne 2021/22 huku George Mpole akiwa mfungaji bora kwa mabao 17, mbele ya Fiston Mayele wa Yanga. Misimu miwili baadaye, nayo chini. Timu ikishuka tunajadili fedha na kocha. Kijana wa miaka 20 ambaye mshahara wake unalisha nyumba nzima, kaka zake wako mashimoni wanasubiri dhahabu isiyotoka, nani anamuuliza analalaje?

Msidhani ni ushamba wetu. Februari 2008 Bojan Krkić wa Barcelona, miaka 17, alikuwa acheze Hispania dhidi ya Ufaransa. Hakucheza. Ikatangazwa anaumwa tumbo. Miaka kumi baadaye akasema wazi kwamba ilikuwa hofu. Per Mertesacker, bingwa wa dunia 2014, naye alikiri kuwa kichefuchefu kilimbana kabla ya mechi. Tumbo tena!

Ujanja wa hofu ni huu: ukiikimbia unapata nafuu palepale, halafu inarudi kubwa zaidi. Winga wetu alipobaki kwenye basi moyo ulitulia, na mwili ukajifunza kwamba basi ni salama, uwanja ni hatari. Hirizi nayo ilimdhuru hivyohivyo. Akicheza vizuri sifa ni ya hirizi, si yake.

Daktari wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, aliandika mwaka 1958 kuhusu tiba ya kupanda ngazi. Unapanga unavyoviogopa, kuanzia kidogo hadi kikubwa, unavikabili kimoja kimoja mwili ukiwa umetulizwa. Kwa winga, ngazi ya kwanza ingekuwa kukaa Kambarage ikiwa tupu. Kisha mazoezi mbele ya watu. Kisha dakika kumi za mwisho, timu ikiwa inaongoza. Kuanza mechi ni mwisho kabisa. Mmarekani Aaron Beck akaongeza upande wa mawazo: "nikipoteza mpira nimekwisha". Mtaalamu anakuuliza ushahidi uko wapi. Umepoteza mipira mingapi, na umekwisha mara ngapi?

Dawa zipo, anaandika daktari. Ila zile za kutuliza haraka, ukizitegemea, ni hirizi nyingine tu.

Mtasema wanasaikolojia huku tutawatoa wapi. Wengine ni mpaka uende Bugando, Mwanza. Lakini Zimbabwe, Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kufundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia mtu kulivunja tatizo lake vipande vipande. Utafiti uliotoka 2016 ulionyesha waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar. Na sisi benchi tunalo, kila Jumamosi! Mtunza vifaa, yule anayejua nani hakula asubuhi, angefundishwa kabla ya kusajili straika wa tano.

Winga wangu aliachwa msimu ulipoisha. Juzi nilimkuta kwenye ndondo, machimbo moja ya Geita, watu kama hamsini wamezunguka kiwanja cha vumbi. Alicheza dakika zote. Nikamuuliza tumbo linaendeleaje, akacheka, akasema huku hakuna anayemjua. Mwezi ujao, akasema, atajaribu kule kwenye watu mia mbili.