Wanasheria wa Wanyonge Kandokando ya Ruvuma

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia mishahara, likizo na mafao. Safari hii tunazungumzia watu wachache ambao hawashiki nyundo wala panga la shamba, lakini bila kazi yao maelfu ya wavuja jasho wa kaskazini ya Cabo Delgado hawawezi hata kufika kwenye lango la kiwanda. Ni wanasheria, wasaidizi wa kisheria, wakalimani na makarani wanaowahudumia wakimbizi, wahamiaji na watu waliofukuzwa makwao na vita.

Mtu akisikia "mwanasheria" hufikiria joho jeusi na maneno makubwa mbele ya hakimu. Katika kambi za Cabo Delgado mambo ni tofauti. Pana meza chini ya mwembe au turubai, kijana mwenye kalamu, kidau cha wino wa alama za vidole, na mstari wa watu ulioanza kabla ya jua kuchomoza. Kazi kubwa ya meza hiyo ni kumrudishia mtu jina lake.

Tueleze chanzo. Tarehe 5 Oktoba 1917 ingekuwa historia ya mababu. Hii ni 5 Oktoba 2017, juzi tu, siku watu wenye silaha waliposhambulia vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia. Vita vikaenea Macomia, Quissanga, Muidumbe, Nangade na Palma. Agosti 2020 waasi waliuteka mji wa Mocímboa, wakaukalia mwaka mzima hadi majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa Agosti 2021. Tarehe 24 Machi 2021 zamu ikawa ya Palma, mji ulio jirani na mradi wa gesi wa Afungi. Kufikia mwisho wa mwaka 2022 waliokuwa wamehama makwao walikuwa wamefika karibu milioni moja.

Anayekimbia risasi usiku hubeba mtoto, si cheti. Nyumba zilichomwa zikiwa na vyeti ndani, na ofisi za serikali zikachomwa katika miji kadhaa. Basi mvuvi wa Mocímboa alijikuta Pemba au Metuge bila kitu cha kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye. Wengi hawakuwa wamewahi kuandikishwa hata kabla ya vita, maana ofisi ilikuwa mbali na nauli ilikuwa ghali.

Mfanyakazi anajua maana ya jambo hilo. Msumbiji, mwajiri halali hukuomba kitambulisho cha taifa, kile ambacho kila mtu hukiita BI. Bila BI huandikishwi katika hifadhi ya jamii, hufungui akaunti ya benki. Katika jimbo lenye vita jambo ni zito zaidi: kwenye kizuizi cha barabarani, kijana asiye na kitambulisho hutazamwa kama adui. Wapo waliotozwa fedha ili wapite, na wapo waliokamatwa. Kwa hiyo mtu hubaki kambini hata kama anasikia kwamba vibarua wanatafutwa mjini.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, liliona shida hiyo na kushirikiana na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Msumbiji. Chuo hicho kilianzishwa na maaskofu mwaka 1996, baada ya vita ya ndani kwisha, na kina kitivo cha sheria Nampula. Wanasheria wake walianza kuzunguka pamoja na maofisa wa serikali wa uandikishaji, wakihama kambi hadi kambi. Kwanza mtu huandikishwa kuzaliwa kwake, kisha huchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya BI. Mwenye umri mkubwa ambaye hana rekodi yoyote huleta mashahidi wanaomjua. Hapo kwenye mashahidi ndipo ujuzi unapotakiwa, kwa sababu jirani zake wa zamani wametawanyika: mmoja yuko Nampula, mwingine Montepuez, mwingine hajulikani kama yu hai.

Halafu kuna lugha. Fomu zimeandikwa kwa Kireno, na mwenye shida anazungumza Kimwani, Kimakonde, Kimakua au Kiswahili. Mkalimani asipokuwa makini ataharibu kazi yote. Chukua jina Bakari: kwa karani wa Kireno linakuwa Bacar. Mohamedi anakuwa Momade, Saidi anakuwa Saíde, na Kionga yenyewe inaandikwa Quionga. Mtu aliyewahi kuishi Mtwara akaandikwa huko kwa tahajia ya Kiswahili, akirudi Palma anaonekana watu wawili. Msaidizi wa kisheria aliyezaliwa pwani hulifahamu jambo hilo mara moja. Mgeni kutoka mji mkuu anaweza kuliita udanganyifu. Kwa maoni yetu, mkalimani mzuri kwenye meza ile anastahili heshima sawa na wakili, na anastahili mshahara wa maana pia, ingawa mara nyingi ndiye anayelipwa kidogo kuliko wote.

Sasa tuvuke mto. Baada ya shambulio la Palma watu wengi walitembea kwa siku kadhaa porini hadi Ruvuma, wakavuka kwa mitumbwi kuingia Tanzania. Waliyowaeleza watumishi wa UNHCR baadaye ni haya: walipelekwa kwenye shule ya kijiji, wakahojiwa juu ya uraia wao, na wale ambao hawakuweza kuonyesha kwamba ni Watanzania walipakiwa kwenye magari na kurudishwa Msumbiji kupitia Negomano, mahali pa mbali sana na pwani walikotoka. Wengine walifika huko wakiwa wametengana na wake, waume au watoto wao. Kati ya Januari na Juni 2021 zaidi ya watu 9,000 walirudishwa kwa njia hiyo.

Hatuwezi kusema kwamba Tanzania haikuwa na sababu ya wasiwasi. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara, kilishambuliwa na watu waliotoka ng'ambo ya mto, na raia waliuawa. Serikali yoyote ingelinda mpaka wake. Lakini kumpekua mtu silaha ni jambo moja, na kumrudisha mama na watoto wake kwenye moto ni jambo jingine.

Sheria yenyewe iko wazi, na inafaa kila mfanyakazi aijue kwa sababu haikuandikwa na wageni. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika juu ya wakimbizi, wa mwaka 1969, ambao Tanzania na Msumbiji zote zimeufuata, unasema kwamba mkimbizi si yule tu anayeteswa kwa ajili ya dini, kabila au siasa yake. Hata mtu aliyelazimika kuhama kwa sababu ya machafuko makubwa katika nchi yake ni mkimbizi. Na unakataza kumzuia mpakani au kumrudisha mahali ambapo maisha yake yamo hatarini. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 nayo inamtaka anayeomba hifadhi ajitokeze kwa ofisa husika ndani ya siku saba tangu kuingia nchini.

Siku saba! Nani atamwambia mkulima wa Nangade kwamba ana siku saba? Ndiyo maana ya msaada wa kisheria. Tanzania ilipitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria mwaka 2017, ikawatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, yaani watu waliofunzwa sheria za msingi bila ya kuwa mawakili. Lakini kumtambua msaidizi katika sheria ni hatua moja; kumfikisha kwenye darasa la shule ya kijiji usiku ule watu wanapohojiwa ni hatua nyingine.

Tukumbushane pia kwamba mpaka huu haukuchorwa na watu wa Ruvuma. Wajerumani waliichukua Kionga mwaka 1894, Wareno wakaiteka mwaka 1916 katika vita vya kwanza vya dunia, na mwaka 1919 ikakabidhiwa rasmi kwa Ureno. Mzee wa Kionga aliyeishi miaka hiyo alibadilishiwa mabwana mara mbili bila kuhama kibandani kwake. Ukoo mmoja una makaburi Palma na Mikindani.

Na kazi ndiyo iliyowavusha watu wengi. Wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika watakumbuka manamba wa Kimakonde na Kimakua kutoka upande wa Mreno, waliokimbia kazi za shuruti na kodi. Baada ya mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, na hasa vita vya ukombozi vilipoanza mwaka 1964, wakimbizi waliongezeka, wakapewa ardhi katika makazi kama Rutamba, mkoani Lindi. Wakati ule hakuna aliyewauliza kitambulisho kabla ya kuwapa jembe.

Baadhi ya Wamakonde walikwenda mbali zaidi, hadi Kwale, Kenya, kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Hawa tuwatazame kwa makini, maana kisa chao kinaonyesha hasara ya kukosa mtetezi na faida ya kumpata. Walianza kufika miaka ya 1930. Walikata miwa, walichonga vinyago, wakazaa watoto na wajukuu. Kenya ikapata uhuru mwaka 1963, lakini wao hawakuandikwa raia, na Msumbiji haikuwa na habari zao. Wakawa watu wasio na nchi kwa zaidi ya nusu karne. Bila kitambulisho, hawakupata ajira rasmi, hawakumiliki ardhi kwa hati, hawakufungua akaunti. Hata simu ya kupokea fedha iliandikwa kwa jina la jirani, na jirani akigombana nawe fedha zimekwenda.

Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, shirika lisilo la serikali, pamoja na Haki Centre ya Mombasa waliwasaidia kuijua sheria. Sheria ya uraia ya Kenya ya mwaka 2011 ilikuwa na kifungu kilichowaruhusu watu wasio na utaifa waliokuwepo tangu uhuru kuomba uraia, lakini kwa muda uliowekwa, na muda ulikuwa unakwisha. Maombi yalipelekwa, majibu hayakuja. Oktoba 2016 Wamakonde, karibu 300, wakiongozwa na mwenyekiti wao Thomas Nguli, waliondoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi. Walizuiwa njiani, wakaendelea. Tarehe 13 Oktoba Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwisho wa mwaka. Zaidi ya elfu moja walivipata, na mwaka 2017 Wamakonde walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya.

Angalieni namna mambo yalivyokwenda. Wanasheria waliijua sheria, lakini karatasi ililala ofisini mpaka wenyewe walipoinuka. Wenyewe nao walikuwa wameteseka kwa miaka 50 bila kujua ni kifungu gani cha kudai. Sisi wa vyama vya wafanyakazi tunayajua mambo haya kutokana na mabishano ya mikataba ya kazi.

Tofauti ya mwenye wakili na asiye naye inaonekana pia huko huko Palma. Waliouawa Machi 2021 walikuwamo vibarua na mafundi wa makampuni madogo yaliyopewa kandarasi. Oktoba 2023 walionusurika na jamaa za waliokufa, saba kwa jumla, raia wa Uingereza na Afrika Kusini, walifungua malalamiko Ufaransa dhidi ya kampuni ya TotalEnergies, wakidai haikuwalinda. Kampuni imekanusha madai hayo. Machi 2025 waendesha mashtaka wa Ufaransa walianzisha uchunguzi wa kimahakama. Ni haki yao, na tunawaunga mkono. Lakini mjane wa kibarua wa Kimwani anaanzia wapi? Kabla ya kumshtaki yeyote anatakiwa kwanza kuthibitisha kwamba aliolewa, kwamba mumewe alikuwepo duniani, na kwamba amekufa. Vyeti vitatu, na hana hata kimoja.

Kwa wasomaji wetu wa Cabo Delgado, haya ni ya kuzingatia. Msumbiji ina taasisi ya serikali ya msaada wa kisheria inayoitwa IPAJ, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. Huduma yake ni bure kwa maskini. Anayekamatwa na polisi anayo haki ya kupata mtetezi, awe raia au mgeni. Huenda utaombwa karatasi ya mtaa inayothibitisha kwamba wewe ni maskini. Ndiyo, hata umaskini una cheti chake, basi kiombe mapema kwa kiongozi wa mtaa. Mgeni anayeomba hifadhi analindwa na sheria ya wakimbizi ya mwaka 1991, na makazi yaliyotengwa kwa wakimbizi yapo Maratane, mkoani Nampula.

Usimpe fedha mtu anayekuahidi BI ya haraka kituoni cha mabasi. Jina lako liandikwe kwa tahajia moja katika karatasi zote, na kabla ya kuweka dole mwombe mkalimani akusomee fomu kwa lugha yako, neno kwa neno. Mwenye karatasi yoyote ya zamani, hata kadi ya kliniki ya mtoto, stakabadhi ya mshahara au kadi ya chama iliyoungua nusu, aende nayo. Makatibu wa matawi nao watafute orodha za zamani za wanachama waliofanya kazi Palma na Mocímboa kabla ya 2021. Fedha za wafadhili zilipungua sana mwaka 2025, na meza za uandikishaji si nyingi kama zamani. Orodha ya tawi yenye jina, kazi na mwaka inaweza kumsaidia mwenzako kupata shahidi pale ambapo majirani zake wote wamekwisha kutawanyika.